Tupeane uzoefu: sauti ya TV ya mtandao inapanda na kushuka yenyewe

Mama Wawili, Sakina
Wadau habari za usiku. Napanga chumba na sebule, ukuta mmoja na jirani anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi mboga soko la Kilombero. Tukiwasha movie ya intaneti watu wanaongea kama wananong'ona, naweka 45 sisikii, naweka 52 ndo naanza kuelewa, mara gari linalipuka mtoto anashtuka usingizini na jirani anagonga ukuta. Nashusha hadi 18, wanaongea tena, sisikii kitu. Taarifa ya habari kwenye king'amuzi iko sawa kabisa, ni hizi za mtandao tu. TV ina miezi mitano. Nani yamemkuta na alifanyaje?

Chalii wa Ngarenaro
Yamenikuta aisee. Kidole gumba kinakaa juu ya kitufe cha volume movie nzima.

Mangi Kiborloni
Dada hizi TV nyembamba spika zake zinaangalia chini au nyuma, sauti inagonga meza na ukuta kwanza ndo inakufikia wewe. Tafuta sabufa nzuri, kelele zote zinaisha.

Fundi Mixer, Njiro
Mangi hapo hapana, sabufa itampa mlipuko mkubwa zaidi na maneno yatabaki palepale. Mimi nakaa kwenye mixer ya kwaya na harusi mwaka wa kumi na moja sasa, ngoja nieleze. Movie nyingi zinakuja na sauti ya 5.1, yaani njia sita: kushoto, kulia, katikati, mbili za nyuma na ya besi. Mazungumzo karibu yote yamewekwa ile ya katikati. TV yako ina spika mbili tu, hiyo ya katikati haipo, kwa hiyo TV inayachukua maneno inayamwaga kushoto na kulia pamoja na muziki, upepo, risasi, kila kitu. Maneno yanazama hapo. Halafu movie imetengenezwa kwa ajili ya ukumbi mkubwa uliotulia, chini iwe chini kweli na juu iwe juu kweli. Sebule ya Sakina yenye bodaboda nje haiwezi kubeba huo umbali kati ya sauti ndogo na kubwa. Habari za studio mtangazaji yuko usawa mmoja mwanzo mwisho, ndo maana king'amuzi hakikusumbui.

Cha kufanya: ukiwa ndani ya movie fungua sehemu ya sauti na lugha, kama kuna chaguo la stereo, yaani njia mbili tu za kushoto na kulia, mbali na 5.1 chagua stereo. Kisha setingi za TV, sauti, digital output, weka PCM (sauti ya kawaida ya njia mbili) badala ya Auto, kwenye baadhi ya TV inasaidia. Halafu tafuta night mode. TV nyingine wameiita auto volume, nyingine volume leveling. Inapunguza sauti kubwa na kuinua ndogo.

Mangi Kiborloni
Sijasema sabufa ya besi tupu, nimesema nzuri. Nina duka, nauza, wateja wanarudi kushukuru.

Fundi Mixer, Njiro
Basi mwambie soundbar, ile spika ndefu ya kuweka chini ya TV, yenye spika ya katikati, hapo tutaelewana. Neno sabufa limewaponza wengi.

Baba Usa River
Auto volume mimi niliizima. Ukiangalia mpira, refa akipuliza filimbi mtangazaji anazama, anarudi taratibu, washabiki wakishangilia anazama tena. Sauti inakuwa kama inahema. Msimdanganye dada.

Fundi Mixer, Njiro
Mpira zima, movie ya usiku washa. Sio dawa ya kila kitu.

Binti Machame
Nimesoma hapa nimeshindwa kulala, naomba niandike hata kama ni marefu. Mwaka jana tulimzika babu. Siku ya tatu baada ya mazishi, watu bado wamejaa, turubai bado liko migombani, binamu akasema kuna video babu alirekodiwa kwa simu akieleza alivyokuwa anapeleka kahawa chama cha msingi, wameiweka mtandaoni ili ndugu walioko nje waione. Tukaitoa TV sebuleni tukaiweka barazani, tukaunga na spika kubwa ya waliokuwa wanapiga nyimbo msibani. Babu kwenye video alikuwa mbali na simu, sauti ndogo, na kuku wanapita. Bibi akasema hasikii. Kijana akaongeza TV, akaongeza na spika, akaongeza tena. Bibi akasogeza kigoda akaegemeza sikio karibu kabisa na spika, mkono kashika ile fimbo ya babu, na kweli akaanza kusikia kwa sababu alimjibu, alisema "ee, ndivyo" kwa Kichaga. Hapohapo tangazo la kubeti likaingia katikati. Ngoma na mtu anapiga kelele ushinde mamilioni. Bibi alianguka na kigoda chake. Watu wakakimbia wakidhani umeme umelipuka, mtoto mmoja akajikwaa kwenye kamba ya turubai akapasuka mdomo. Bibi hakuumia mwili, ila tulivyomwinua alikuwa anauliza "amesemaje mwisho, amesemaje mwisho", na hakuna aliyethubutu kuiwasha tena. Mpaka leo hajasikia mwisho wake.

Mama Wawili, Sakina
Yesu wangu. Pole sana mdogo wangu, pole kwa bibi.

Chalii wa Ngarenaro
Pole dada.

Mdau Soweto Moshi
Poleni. Ila mngeipakua kwanza kwenye flash, video za mtandaoni hazichezwi mbele za watu, tangazo lazima litaingia.

Binti Rau
We kaka mtu yuko msibani afikirie flash? Una roho gani?

Mdau Soweto Moshi
Nimesema ili yasimkute mwingine. Mimi pia nimezika mwaka huu.

Binti Rau
Sawa, pole na wewe. Nimekuelewa.

Baba Usa River
Hawa wa matangazo hawana sheria?

Fundi Mixer, Njiro
Marekani sheria ipo tangu 2010, ikaanza kusimamiwa Desemba 2012, tangazo lisizidi wastani wa kipindi. Lakini inagusa vituo vya TV na kebo, intaneti ilibaki nje. Jimbo la California lilisaini yake Oktoba 2025 kwa ajili ya hizi za mtandao, tarehe ya kuanza 1 Julai 2026. Kwenye mtandao tangazo na kipindi vinatoka sehemu tofauti, vinaunganishwa wakati unaangalia. Sauti ya tangazo imekandamizwa studio, ndogo zimeinuliwa, mpaka imejaa mwanzo mwisho, babu wa watu amerekodiwa hatua tano kutoka kwenye simu. Ukiinua kimoja umeinua vyote.

Mangi Kiborloni
Hapo nakubaliana na fundi.

Shangazi Ngaramtoni
Mimi mvua ikianza kupiga bati naweka maandishi chini ya picha nasoma, basi. Mvua ikikata sijashtua mtu.

Mama Wawili, Sakina
Mrejesho. Ilikuwa Auto, nimeweka PCM, na ndani ya movie nimekuta English 5.1 na English peke yake, nimechukua hiyo ya pili. Ileile movie sasa naisikia kwa 30. Lile gari limelipuka mtoto hajageuka hata. Night mode kwenye yangu sijaiona. Matangazo bado yako juu, nayabana na rimoti.

Fundi Mixer, Njiro
Safi. Binti Machame, ile video ya babu mnayo kwenye simu iliyorekodi? Ile yenyewe, sio ya mtandaoni wala iliyopita WhatsApp. Nitaondoa mvumo, nipandishe maneno yake, niwashushe kuku, niiweke kwenye flash. Sitaki hela.

Binti Machame
Simu anayo binamu, kioo kimepasuka lakini inawaka. Nakuja Jumamosi na Coaster ya asubuhi. Bibi anasema kuku waache.