Kidole cha Babu

Kikundi: UKOO WA ISEVYA

Kulwa: Shikamooni wote. Babu jana kaota moto mpaka usiku, hii baridi ya Julai si mnaijua. Leo namvua soksi, imegandia kidole gumba. Lengelenge limepasuka, majimaji yanatoka. Anasema hakiumi hata kidogo.

Shangazi Cheyo: Marahaba mwanangu. Kama hakiumi ashukuru Mungu.

Dada Nesi: Shikamoo Shangazi. Kutouma ndiyo shida yenyewe. Sukari imeshaharibu mishipa ya fahamu miguuni, anaungua hasikii. Kulwa tuma picha, na unyayo wote.

Kulwa: 📷 Picha

Baba Mdogo: Nina asali ya Sikonge, imerinwa mwezi jana. Apakwe leo leo.

Dada Nesi: Baba Mdogo, ya kutibia vidonda husafishwa vijidudu kwanza. Hiyo ya kwenye dumu ina mpaka miguu ya nyuki 😅 Asipakwe. Wala dawa ya meno, wala majivu.

Mama Shija: Na yale magaga anakwangua kwa wembe! Nimesema mpaka nimechoka.

Dada Nesi: WEMBE? Kulwa uufiche. Magaga yapakwe mafuta ya mgando kila usiku, ila katikati ya vidole usipake, pakilowa panachubuka.

Kulwa: Sasa usiku huu nifanyeje?

Dada Nesi: Osha kwa maji safi ya vuguvugu, upime kwa kiwiko chako wewe, siyo kwa mguu wake. Usiloweke. Kausha taratibu, funika na gozi safi kavu, ile ya kufungia vidonda. Asiukanyagie. Asubuhi mpeleke hospitali ya Kitete na daftari lake la kliniki.

Mama Shija: Si kliniki yake Jumanne?

Dada Nesi: Kidonda hakisubiri Jumanne. Na kidole kikiwa cheusi, kikinuka, mguu ukivimba au akapata homa, hata saa nane usiku mwondoke.

Shangazi Cheyo: Mzee wa watu alale na baridi hii bila moto?

Dada Nesi: Mablanketi mawili Shangazi, na soksi za pamba zisizobana. Ni kweli baridi inabana mishipa, damu ya kufika vidoleni inazidi kupungua. Ila jiko likae mbali, na chupa ya maji ya moto pia hapana. Kulwa, kila jioni umkague nyayo, yeye hawezi kujiinamia. Viatu uvikung'ute kabla hajavaa.

Baba Mdogo: Saa moja asubuhi nipo hapo na bajaji.

Kulwa: Asante Baba Mdogo. Babu anauliza, asali kama haipakwi, si bora aiweke kwenye chai?

Dada Nesi: Mwambie nimesoma.