PES 2017 inajaribu kufunguka kisha inazima: Linux Mint kwenye HP 840 G1

MwalimuNyegezi

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza, si mtaalamu wa kompyuta, kwa hiyo nitaeleza kila nilichofanya ili anayejua aone nilipokosea.

Laptopu ni HP EliteBook 840 G1, i5-4300U, RAM 8GB ya kijiti kimoja. Ilikuwa na Windows 10. Msaada wake ulipokoma Oktoba 2025 nilijaribu Windows 11, ikakataa, maana inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu na yangu ni ya kizazi cha 4. Kijana mmoja tunayefanya naye kazi akaniwekea Linux Mint 22. Kwa kutunga mitihani na kujaza alama sina neno, mashine imekuwa nyepesi na hata feni imetulia.

Shida ni PES 2017, gemu la mpira. Mdogo wangu aliinunua Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, kwa hela yake ya kwanza ya kibarua, kwenye akaunti tunayotumia wote. Tuna Master League moja tuliyoanza pamoja, Liverpool, tuko msimu wa 6. Siku hizi yupo Mtwara kikazi na anakuja likizo Desemba. Nataka akifika aikute.

Nimewasha sehemu ya Compatibility kwenye Steam kama nilivyosoma. Nikibonyeza PLAY inageuka STOP, inakaa kama sekunde 5, inarudi PLAY. Hakuna ujumbe wowote. Nimefuta Proton, kile chombo cha Steam cha kuendesha magemu ya Windows kwenye Linux, nikaipakua upya, nikajaribu na Proton Experimental, bando la GB 2 limeishia hapo. Gemu lenyewe sijalipakua upya, lipo kwenye partisheni ya D iliyobaki toka enzi za Windows. Folda ya Documents ya zamani niliikopi kwenye flashi kabla C haijafutwa.

Halafu tuna pedi ya USB ya 15,000, ile isiyo na jina. Nayo sijui kama itakubali.

Inawezekana, au nirudishe Windows tu?

chapaa_mtwapa

Mwalimu, weka GE-Proton, ile Proton iliyoboreshwa na watu wa nje ya Steam, hizo nyingine utazunguka tu. Ikikataa, toa Mint uweke Bazzite, Linux nyingine, ile imetengenezwa kwa ajili ya magemu.

FundiNgamiani

Mwalimu, salamu kutoka Tanga. Mint usiitoe, na usipakue tena hata MB moja mpaka tujue ugonjwa. Ndugu yangu chapaa, GE-Proton naitumia na naipenda, lakini mwalimu ameshamaliza GB 2 kwa kubahatisha. Tupime kwanza.

Kwa maelezo yako naona vitu viwili, na vyote nimekutana navyo mezani kwangu mara nyingi.

Kwanza hiyo D. Partisheni iliyotoka Windows ni NTFS, yaani diski imepangwa kwa mtindo wa Windows. Proton ikifungua gemu kwa mara ya kwanza hulijengea Windows bandia ndani ya folda inayoitwa compatdata, kwenye diski ile ile gemu lilipo. Ndani ya hiyo Windows bandia kuna kiungo kinachoitwa `c:` pamoja na nukta pacha yake. Jina la namna hiyo ni halali Linux, lakini kwa kanuni za Windows ni marufuku, na mara nyingi ujenzi huvunjikia hapo. Steam haikwambii kitu, inarudisha PLAY basi. Nimeshaona watu wamefuta Linux nzima kwa sababu ya kiungo hicho kimoja.

Pili ni umri wa hiyo laptopu. PES 2017 inachora picha kwa Direct3D 9, ambayo ni ya Windows. Ndani ya Proton kuna mkalimani anaitwa DXVK, kazi yake ni kuigeuza Direct3D iwe Vulkan ambayo Linux inaielewa. Sasa DXVK, kuanzia toleo la 2.0 la Novemba 2022, inadai Vulkan 1.3. Intel HD 4400 yako, ukoo wa Haswell, haifiki hapo. Mkalimani akikosa kadi ya kuzungumza nayo, gemu linafunga. Hata GE-Proton ya leo ina DXVK hiyo hiyo mpya, ndiyo maana sikutaka uipakue.

Anza na D kwa sababu haihitaji bando. Funga Steam. Ingia D, SteamLibrary, steamapps, common, kopi folda ya Pro Evolution Soccer 2017 uibandike Home kwenye `~/.steam/steam/steamapps/common`. Hiyo alama ya mwanzo ni Home yako, na kwa vile `.steam` imefichwa bonyeza Ctrl+H uione. Ni kama GB 8, kwa SSD haichukui muda. Kisha fungua Steam, Settings, Storage, iondoe D kwenye orodha, halafu bonyeza INSTALL kama mtu anayeanza upya na uchague Home. Steam itayakuta mafaili, itayakagua, itapakua yaliyopungua tu. Usiogope ikiandika GB 8 mwanzoni, subiri imalize ukaguzi.

Ikishakaa, bonyeza kulia kwenye jina la gemu, Properties, Launch Options, andika hivi:

`PROTON_LOG=1 %command%`

Bonyeza PLAY, liache lizime lenyewe. Nenda Home, utakuta faili jipya linaloanza na `steam-` likifuatiwa na namba na kumalizia na `.log`. Lifungue, tafuta neno `adapters`. Nibandikie mstari huo hapa. Na hiyo namba iandike pembeni, tutaihitaji.

Nakuomba usikate tamaa. Mimi nilianza mwaka 2009 na sidii ya Ubuntu iliyokuja bure kwa posta, wakati ule walikuwa wanatuma popote duniani. Gemu la San Andreas lilinichukua wiki nzima kwenye Wine, programu ya kuendesha vitu vya Windows ndani ya Linux, nikitafuta faili moja moja. Wine ilianza kuandikwa 1993 na toleo la 1.0 likatoka 2008, miaka 15, watu wakiandika upya kazi za Windows bila kuuona msimbo wake. Agosti 2018 Valve wakaifunga pamoja na DXVK wakaiita Proton, na kazi ya wiki ikawa ya kubonyeza kitufe. Kwa mashine yako kitufe peke yake hakitoshi, lakini kilichobaki ni kidogo sana.

MwalimuNyegezi

Fundi asante sana. Nimekopi, imechukua dakika kama 3. Steam ilianza kuandika GB 8 nikashtuka, kisha ikakagua na kupakua kidogo sana, haikufika hata MB 100. Bado gemu linazima, ila safari hii linachelewa zaidi na kioo kinakuwa cheusi kidogo kabla. Kwenye logi nimekuta:

`err: DXVK: No adapters found. Please check your device filter settings and Vulkan setup.`

FundiNgamiani

Vizuri sana. Huko kuchelewa na kioo cheusi maana yake Windows bandia sasa imejengwa na gemu limeanza kuishi. Tumebaki na la pili, na logi imelitaja kwa jina.

Ndani ya Proton hiyo hiyo uliyonayo kuna mkalimani wa zamani, WineD3D. Yeye hapitii Vulkan, anapitia OpenGL, na OpenGL ya Haswell kwenye Linux ni imara, imefanyiwa kazi miaka mingi. Kwa magemu mapya atakuwa mzito, lakini kwa gemu la Direct3D 9 anatosha. Rudi Launch Options, futa ulichoandika, weka:

`PROTON_USE_WINED3D=1 %command%`

Andika kwa herufi kubwa kama zilivyo, acha nafasi moja kabla ya alama ya asilimia. Likifunguka, anza na 1280x720 na ubora wa kati.

Likifunguka likawa linakwamakwama, kuna njia ya akiba: Proton 7.0, ambayo bado ipo kwenye orodha ya Steam. DXVK yake ni ya mfululizo wa 1.10, haidai Vulkan 1.3. Ila Vulkan ya Haswell yenyewe haijakamilika, na waandishi wa draiva wanakiri hivyo kwenye onyo lao, kwa hiyo mimi naanza na WineD3D siku zote. Mwezi uliopita nilimfanyia mteja mwenye kadi ya NVIDIA ya ukoo wa Kepler, draiva yake ya mwisho ni ya mfululizo wa 470 na inaishia Vulkan 1.2. Ugonjwa ni huo huo, na dawa ilikuwa hii hii.

MwalimuNyegezi

LIMEFUNGUKA! Nimesikia muziki wa menyu nikasimama kwenye kiti. Nimecheza mechi moja kwa kibodi, nimefungwa 3, lakini picha inatembea vizuri. Likiwa uwanja mzima linakwenda laini, marudio ya goli ndiyo yanavuta kidogo.

Sasa nimebakiza sevu, yaani ile Master League yetu iliyohifadhiwa, na pedi.

FundiNgamiani

Hongera mwalimu, nimefurahi kweli.

Sevu: ile namba ya kwenye jina la logi ndiyo namba ya gemu. Fuata njia hii, mahali pa NAMBA weka yako:

`~/.steam/steam/steamapps/compatdata/NAMBA/pfx/drive_c/users/steamuser/Documents/KONAMI`

Hapo utakuta folda ya Pro Evolution Soccer 2017 iliyotengenezwa leo. Ibadilishe jina, usiifute, kisha bandika ile ya kwenye flashi. Akaunti ya Steam ni ile ile, kwa hiyo sitegemei igome.

Pedi: ichomeke, fungua terminali, andika `lsusb`. Ukiona `0079:0006` na jina DragonRise, ndiyo hizi za bei ya chini zilizojaa madukani, Linux inazijua siku nyingi. Tatizo huwa ni mpangilio wa vitufe tu, X inakuwa pembetatu. Steam, Settings, Controller, ichague pedi yako, uipange kitufe kimoja kimoja inavyokuuliza, halafu uwashe Steam Input kwa pedi za kawaida. Gemu litaiona kama pedi ya Xbox. Fungua gemu ukiwa umeshaichomeka, si baadaye.

chapaa_mtwapa

Fundi nimejifunza, sikujua hiyo habari ya Vulkan 1.3. Mwalimu, kwa hilo la marudio kuvuta, nina 840 G1 kama yako. Kadi ya Intel haina kumbukumbu yake, inakula kwenye RAM, na ukiwa na kijiti kimoja njia inakuwa nyembamba. Hiyo mashine ina nafasi mbili. Tafuta kijiti kingine cha DDR3L, hata cha 4GB, chomeka. Mimi nilipoongeza tofauti niliiona siku hiyo hiyo.

FundiNgamiani

Chapaa amesema kweli tupu. Mwalimu, hakikisha kimeandikwa DDR3L au PC3L. DDR3 bila L ni ya 1.5V, hiyo mashine inataka ya 1.35V.

kijana_kihesa

Samahani kuingilia uzi. Kwa njia hii naweza kucheza FC 25, lile gemu la mpira la EA, mtandaoni? Nina laptopu yenye kadi nzuri, tayari nipo Linux.

FundiNgamiani

Hapana, na nisingependa utoe hela kisha ukwame. FC inakuja na kinga ya udanganyifu inayokaa ndani kabisa ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya Windows. Wine inaiga programu za Windows, kerneli yake haina, kwa hiyo kinga hiyo haina pa kukaa na gemu halifunguki. Kinga nyingine, Easy Anti-Cheat na BattlEye, zenyewe zinakubali Proton toka 2021, lakini mpaka mwenye gemu aruhusu. Na akiruhusu leo anaweza kufunga kesho. Apex Legends ilichezeka Linux vizuri kabisa, Oktoba 2024 ikafungwa. GTA V ni hivyo hivyo, toka Septemba 2024 upande wa mtandaoni hauingiliki kwa Linux, ile ya hadithi bado inacheza. Kabla ya kununua gemu lolote litafute ProtonDB, tovuti ambako watumiaji wa Linux huandika gemu lipi linacheza, usome maoni ya miezi ya karibuni, yale ya zamani yatakupoteza.

MwalimuNyegezi

Wakuu, pedi ni hiyo hiyo 0079:0006, imekubali. Sevu imekubali pia. Msimu wa 6, mechi ya 22, tupo nafasi ya pili, kila kitu kama tulivyoacha. Nimempigia mdogo wangu simu ya video nikamgeuzia kioo aone jedwali la ligi. Alinyamaza kidogo, halafu akaniambia nisicheze hata mechi moja mpaka afike.

Kijiti cha RAM nitakitafuta mwisho wa mwezi.

FundiNgamiani

Basi fanya jambo moja usiku huu huu. Kopi hiyo folda ya KONAMI uirudishe kwenye flashi. Ile Windows bandia ya compatdata hubeba na sevu ndani yake, siku mtu akikushauri uifute ili gemu lianze upya, sevu inakwenda nayo.

MwalimuNyegezi

Nimeshakopi. Ipo kwenye flashi mbili, moja nimeiweka kabatini pamoja na vyeti.