Servo imekula meno: seti ya nailoni, seti ya chuma, au servo mpya?

Kona_Kali
Wakuu, salaam. Gari langu la rimoti la skeli ya 1/10 limegonga ukingo wa njia. Sasa servo ya usukani (kile kimota chenye gia kinachogeuza magurudumu) inakwaruza, na ikifika katikati inaruka. Nimefungua, gia moja ya kati imepoteza meno mawili, nyingine naona ziko sawa. Ni servo ya saizi ya kawaida, gia za nailoni. Nirudishe nailoni, nipande chuma, au niitupe tu?

BisibisiNdogo
Pole mkuu. Kwanza usibadilishe hiyo moja peke yake. Meno mapya yakisagana na yaliyokwisha kulika, hayadumu. Chukua seti nzima, na iwe ya modeli yako hasa, maana servo mbili zinaweza kufanana kwa nje na ndani gia zisiingiliane kabisa. Mimi kwa gari ningeweka chuma.

BawaJepesi
Hapo kwenye chuma tutabishana. Nailoni ni fyuzi: ukigonga, meno yanakatika, mota na kasha vinapona. Ukiweka chuma, kishindo kinatafuta pa kwenda. Mimi kilinipasulia kasha pale gia ya mwisho inapokaa. Tena chuma nacho kinalika polepole, servo inaanza kucheza. Kwenye ndege, mkia unaocheza ukishika kasi unatetemeka hadi kitu kikatike. Ukitaka cha katikati, watengenezaji wa servo Hitec wana Karbonite, nailoni iliyotiwa kaboni.

BisibisiNdogo
Kwa ndege sibishi. Ila gari lina ile springi ya kulinda servo, ndiyo inayomeza kishindo. Kona_Kali, yako inafanya kazi?

Kona_Kali
Aisee. Niliikaza mpaka mwisho ili usukani uwe mkali.

BawaJepesi
😂 Basi gia hazina kosa.

GrisiMkononi
Kabla hujaagiza, tazama ile gia ndogo kabisa iliyo kwenye mota. Mara nyingi haimo kwenye seti, na imebanwa kwa nguvu. Kama imelika, nunua servo nzima. Zile ndogo za gramu 9 mimi hata sihangaiki kuzifungua.

Ukiamua kutengeneza, piga picha kabla hujagusa gia yoyote. Skrubu ndefu 4 zinatokea chini, lakini kinachoinuliwa ni kifuniko cha juu. Safisha grisi yote ya zamani. Kipande kimoja cha jino kikibaki humo, kitakula seti mpya siku ya kwanza. Halafu gia ya mwisho: kwenye servo nyingi ndiyo inayozungusha potenshiomita (inayoiambia servo imegeuka kiasi gani), na ina kizuizi. Ukiikosea nafasi, mota itasukuma kizuizi mpaka iungue. Ikikaa vizuri, washa redio, servo iende katikati (mpigo wa mikrosekunde 1500), ndipo ufunge mkono, kile kipande kinachokaa kwenye shafti ya servo.

BisibisiNdogo
Na mkono wenyewe uendane na meno ya shafti. Servo za Futaba ni meno 25, Hitec nyingi 24, JR 23. Usiulazimishe ukakubali.

Kona_Kali
Gia ya mota ni nzima. Naagiza nailoni, na springi nishailegeza nusu.

BawaJepesi
Agiza seti mbili. Nakujua.