Gredi 4 wanasema 0.25 inashinda 0.7. Nisaidieni

Mwalimu wa Kayole
Walimu wenzangu, na wazazi pia, hamjambo. Nafundisha hisabati Gredi 4 huku Kayole, Nairobi, wanafunzi 58 chumba kimoja. Wiki jana tuliingia desimali. Nikaandika ubaoni 0.7 na 0.25, nikauliza ipi kubwa. Karibu darasa zima: 0.25! Kwa nini? "Mwalimu, si 25 inashinda 7?" Nikawaonyesha chati ya nafasi, wakaitikia vizuri, kesho yake yakawa yale yale. Nikirudi nyuma naona hata nambari nzima hazijakaa: ukiwasomea mia tatu na tano, kuna wanaoandika 3005. Halafu msichana mmoja akauliza: "Kushoto kuna mamoja, makumi, mamia. Kulia kuna sehemu za kumi, sehemu za mia. Mamoja ya kulia yako wapi?" Nilikosa jibu, na bado linanisumbua. Nianzie wapi?

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, anza na hiyo 3005. Mtoto amesikia mia tatu, ameandika 300. Amesikia tano, akaongeza 5. Masikio yake ni mazima, ila hajui kwamba ile 5 ina mahali pake ndani ya 300. Kata katoni: kadi ndefu ya 300, kadi ya 40, kadi fupi ya 5. Aweke 5 juu ya sifuri ya mwisho ya 300. Atasoma 305, na akiinua ile 5 ataikuta sifuri chini yake. Nimetumia kadi hizo miaka mingi, na watoto huzipenda kwa sababu wanazifunua wenyewe.

Na hata kama somo ni la Kiingereza, hesabu nao kwa Kiswahili kwanza. Kumi na tatu inajieleza: kumi, na tatu. Neno la Kiingereza la 13 linaificha ile kumi.

Makanga wa Route
Wape pesa tu, mwalimu. Hakuna mtoto wa Eastlands asiyejua ashu (shilingi kumi) kumi ni soo (mia), na soo kumi ni thao (elfu). Hiyo si ndiyo makumi, mamia na maelfu?

Mwalimu wa Kayole
Kwa nambari nzima naichukua, asante sana. Kwa desimali nilijaribu nikakwama. Watoto hawa hawanunui kitu kwa senti. Sarafu ya senti 50 wengi hawajawahi kuishika.

Fundi wa Gikomba
Mimi si mwalimu, lakini desimali nazikata kila siku. Chukua kipande cha mita moja. Kigawe mara kumi sawasawa, kila kipande sentimita 10: hiyo ni 0.1. Chukua kimoja ukigawe tena mara kumi: sasa una sentimita moja, 0.01. Mwambie mtoto apange 0.7, atapanga vipande saba vikubwa. Apange 0.25: viwili vikubwa na vitano vidogo. Aviweke sambamba. Hutahitaji kumwambia ipi ndefu.

Shabiki wa Riadha
Ongeza Omanyala, mkimbiaji wetu! Uwanja wa Kasarani, Septemba 2021, mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Aliyemshinda siku hiyo alikimbia 9.76. Sehemu moja ya mia ya sekunde!

Mwalimu Mstaafu
Mfano mtamu, lakini subiri kidogo. Kwenye mbio anayeshinda ni mwenye nambari ndogo, na mtoto aliyechanganyikiwa utamchanganya zaidi. Anza na Yego, mrushaji wetu wa mkuki: mita 92.72, Beijing 2015, akawa bingwa wa dunia. Pale kubwa ni kubwa. Omanyala aje baadaye.

Na yule msichana mpe jibu lake, kwa maana ameona jambo ambalo watu wazima hawalioni. Anadhani katikati ni nukta. Katikati ni mamoja. Makumi yako hatua moja kushoto kwa mamoja, sehemu za kumi hatua moja kulia. Mamia hatua mbili, sehemu za mia hatua mbili. Nukta inaonyesha tu mamoja yanapoishia.

Mwalimu wa Kayole
Nimerudi. Nilikata karatasi za manila vipande vya mita, kila kikundi seti yake. Kijana aliyepiga kelele zaidi wiki jana alivipanga, akanyamaza, akasema, "Kumbe hizi 25 ni zile ndogo." Mwenzake akavunja saba kubwa kuwa sabini ndogo, akaandika 0.70 bila kuambiwa! Msichana nilimchorea mamoja katikati ya ubao, akaja mwenyewe kujaza pande zote mbili. Kama kumi hivi bado wanasema 25. Hao nitakaa nao Jumatatu na vipande vyao, halafu tutampimia Yego uwanjani, mita moja moja, hadi eneo letu liishe.