Throto bodi: kuishusha yote, au kuifuta ikiwa palepale?

Spana10
Wakuu, pikipiki yangu ni ya injekta (kifaa kinachopuliza petroli kwenye injini, badala ya kabureta), silinda moja, imefika kilomita 24,000. Injini ikipata joto sailensi (mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta) inapanda na kushuka, na nikiachia mafuta ghafla inazima. Plagi ni mpya, hewa klina safi. Nimetoa mpira wa hewa nikamulika na tochi: kipepeo, kile kibao kinachofungua na kufunga njia ya hewa ndani ya throto bodi, kimezungukwa na utando mweusi. Nachagua kati ya dawa ya kumimina kwenye tangi, spirei ya kupuliza bila kushusha kitu, au kushusha throto bodi nzima. Mngefanya ipi?

KaboniNyeusi
Dawa ya tangi itoe kwenye hesabu. Kwenye pikipiki nyingi injekta imekaa baada ya kipepeo, upande wa injini. Petroli haikigusi kipepeo, sasa dawa itaufikiaje uchafu? Huo utando ni mvuke wa oili unaotoka ndani ya injini kupitia bomba la kupumulia, unarudishwa kwenye boksi la hewa, halafu unanata na vumbi. Dawa inaweza kuisaidia injekta, lakini huo ni ugonjwa mwingine.

MamaPlagi
Spirei ndiyo, ila usiipulize moja kwa moja. Inapenya kwenye ekseli ya kipepeo mpaka kwenye sensa ya pembeni, na hapo umenunua tatizo jipya. Injini ikiwa imepoa na swichi imezimwa, lowesha kitambaa kisichoacha nyuzi, zungusha eksileta kipepeo kifunguke, ufute ukingo wake na ukuta unaokizunguka. Ukingo ndio wenye kazi; katikati hata pakibaki weusi si neno. Tumia spirei ya throto bodi, si ya breki, maana ile inaharibu mipira. Msasa na brashi ya waya weka mbali kabisa, vipepeo vingine vina utando wa kiwandani. Na kama kipepeo kinaendeshwa na mota badala ya kebo, usikisukume kwa kidole.

Silinda_Nne
Namheshimu dada, lakini kitambaa hakifiki kila mahali. Yangu niliifuta mara mbili bila nafuu. Nilipoishusha nikakuta valvu ya sailensi, ile inayopitisha hewa kando ya kipepeo, imeganda masizi. Kushusha kuna gharama zake: laini ya petroli ina presha ya karibu bar 3, lazima uitoe kwanza, na oringi (mpira wa duara wa kuziba) ya injekta usiirudishe ya zamani. Halafu ile skrubu ndogo ya kuzuia kipepeo, iliyopakwa rangi kiwandani, usiiguse! Mimi niliigusa. Sailensi ikakaa sawa siku mbili, kisha kompyuta ya injini ikachanganyikiwa kabisa. Wenye silinda nyingi, mkishamaliza sawazisheni vipepeo kwa geji za vakyumu (za kupima mvuto wa hewa).

MamaPlagi
Hapo kwenye valvu sibishi. Ila aanze na kitambaa. Akishindwa ndipo ashike spana. Na aukague ule mpira unaounganisha throto bodi na injini, ukipasuka unavuta hewa na dalili zinafanana.

Spana10
Nimefuta. Kitambaa kimetoka kama cha kusafishia sufuria ya mkaa. Mwanzoni sailensi ilipanda hadi mizunguko 1,900 kwa dakika, nikaogopa!

KaboniNyeusi
Kawaida. Kompyuta ilishazoea njia chafu ikawa inaongeza hewa kufidia. Endesha kidogo ijifunze upya. Isiposhuka, tafuta hewa inayovuja kwenye klampu.

Spana10
Imeshuka, sasa inacheza kwenye 1,400 na haizimi tena. Niwe nasafisha kila baada ya kilomita ngapi?

MamaPlagi
Mimi sihesabu kilomita. Kila nikibadilisha hewa klina namulika tochi; pakiwa safi nafunga. Ukirudi kukuta oili mbichi mapema, angalia kiwango cha oili kabla ya kununua spirei nyingine.

Spana10
Nimeangalia sasa hivi. Imepita alama ya juu. Naenda kuipunguza.