Naombeni ushauri: misimu haieleweki tena, niuze ghala au nivumilie?

MwenyeGhala

Wakuu, habari za usiku. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo maji yamenifika shingoni. Mji sitautaja, ni mdogo na wanaonifahamu watanijua kwa rangi ya gari tu.

Nina ghala la nafaka na magari mawili. Kazi hii naifanya mwaka wa 14 sasa. Nanunua kwa wakulima wa vijiji vinavyotuzunguka, nahifadhi, nauza kwa kiwanda cha kusaga. Wakulima kama 100 huwa nawapa mbegu na mbolea mwanzo wa msimu, wananilipa kwa magunia wakati wa mavuno. Mkataba hakuna, ni daftari na uso wa mtu.

Zamani ulikuwa unajua mvua inaanza lini na inakata lini. Mazao yanakauka yakiwa shambani, gari linapakia. Sasa watu wanapanda mara mbili kwa sababu mvua ya kwanza inadanganya. Ikishika kweli, haikati. Msimu uliopita ilitukuta mazao yakiwa yameanikwa kwenye maturubai. Daraja nalo likaondoka, gari likakaa ng'ambo siku 19. Lilipofika kiwandani, kijana wa kupokea mzigo akachoma gunia la kwanza kwa bambo, akanusa. Akachoma la pili. Hakusema neno, akamwonyesha dereva kwa mkono: geuza.

Theluthi ya wakulima hawajanilipa na siwezi kuwakaba, hali zao naziona. Bima wamepandisha. Benki wanataka rejesho kila mwezi kana kwamba mimi navuna kila mwezi. Shemeji yangu anasema niuze ghala nifungue duka la vifaa vya ujenzi hapa hapa mjini, eti bati halioti kuvu.

Nishaurini. Matusi hapana, niliyonayo yananitosha.

Kichwa Ngumu

Mkuu usitishwe na hizi habari za tabianchi. Ukame na mafuriko vipo tangu enzi za mababu. Mwaka huu umelia, mwakani utacheka. Tulia hapo hapo.

BintiHesabu

Pole sana kaka. Shemeji ana nia njema ila hesabu yake ina tundu. Katika mji unaoishi kwa kilimo, bati linanunuliwa na nani, na lini? Kaa siku moja nje ya duka lolote la vifaa vya ujenzi uangalie. Baada ya mavuno watu wanasukumana, miezi mingine muuzaji anapiga miayo. Utakuwa umetoka kwenye mvua moja ukaingia kwenye mvua ile ile, tofauti yake itakulowesha miezi miwili baadaye. Fundi cherehani, mwenye saluni, mwenye shule binafsi, mama anayewapikia wapakiaji wako, wote wanachota kisima hicho hicho. Hakuna anayeandika "mvua" kwenye daftari lake, anaandika "biashara ngumu".

Halafu hilo la madeni. Wewe unaona umeisambaza hatari kwa watu 100. Hapana. Wakulima 100 walio chini ya wingu moja ni mdaiwa mmoja mwenye majina 100. Mmoja akiugua, 99 wanakulipa na maisha yanaendelea. Mvua ikigoma, wamegoma wote siku moja. Hata mwenye duka angekuwa na wateja wa aina hiyo angelala njaa.

Na usijipe moyo kwamba mazao yakiwa haba bei itakuokoa. Bei inapandishwa na upungufu wa soko zima. Kanda nyingine zikivuna vizuri, kiwanda kinaagiza huko, wewe unabaki na ghala tupu kwa bei ile ile ya mwaka jana.

Kabla hujauza hata msumari, toa hayo madaftari ya miaka 14. Usiangalie fedha, fedha inadanganya ukilinganisha miaka. Angalia kilo zilizoingia, na tarehe ambayo gari la kwanza lilipakia. Kisha rudi hapa.

Fundi Kalvati

Kichwa Ngumu, mababu walikuwa na ukame, kweli. Ila hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Ndiyo maana mahali pale pale unapata vyote viwili: udongo unanyonywa maji haraka, na ikinyesha inamwaga. Mwaka 2024 ndio ulikuwa wa joto kali kuliko yote iliyowahi kupimwa, Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliweka wastani wake kama nyuzi 1.55 juu ya ule wa 1850 hadi 1900.

Mimi kazi yangu ni barabara, kwa hiyo nitasema la barabara. Kalvati, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, na madaraja madogo hupigiwa hesabu kwa kumbukumbu za mvua za zamani. Unachukua mvua kubwa inayotarajiwa, tuseme, mara moja kwa miaka 25, unapata kipenyo. Mvua hiyo ikianza kuja kila baada ya miaka michache, kalvati halijakosea, swali ndilo lililobadilika. Lakini tusiibebeshe tabianchi kila mzigo. Nimefungua makalvati nikakuta magodoro. Miti ya juu ya mto ikikatwa, maji yanashuka yote kwa pamoja hata kama mvua ni ya kawaida. Mkuu, kabla hujalaumu mbingu, nenda kaangalie kilichoziba pale darajani.

NahodhaMstaafu

Wanangu, hamjambo. Niliishi kwenye meli, nitawasimulia mawili.

Mwaka 2018 mto Rhine kule Ujerumani ulipungua mpaka kipimo cha maji kwenye mji wa Kaub kikasoma sentimita 25 mwezi Oktoba. Mashua za mizigo zikawa zinapita na sehemu ndogo tu ya mzigo wake. Kampuni ya kemikali ya BASF, ambayo hailimi hata bustani, ilisema maji yale kidogo yaliigharimu kama euro milioni 250. Kwa hiyo kijana, gari lako kukaa ng'ambo siku 19 si nuksi yako peke yako.

La pili ndilo kubwa. Kwenye ghuba ya Long Island Sound, Marekani, kulikuwa na uvuvi mkubwa wa kamba koche. Mwaka 1999 wakafa kwa wingi. Sababu zilitajwa nyingi, joto la maji likiwemo, na uvuvi ule haukurudi kuwa ulivyokuwa. Huku kusini wanalia, kaskazini kwenye jimbo la Maine miaka iliyofuata walivua kuliko baba zao. Sasa tazama: kamba anahama, boti inaweza kumfuata. Gati haliwezi. Muuza barafu hawezi. Fundi wa injini mwenye nyumba na watoto shuleni hawezi.

Wewe unalo ghala na unayo magari. Ghala halina matairi. Nisingekushauri uyauze hayo magari, ndiyo pekee yanayoweza kwenda kutafuta mzigo mvua iliponyesha vizuri.

Mkulima Halisi

Naomba niseme kwa niaba ya hao 100 maana mimi ni mmoja wao, kwa mtu mwingine kama wewe.

Mbegu umetuchagulia wewe. Mbegu moja, inayochukua siku nyingi kukomaa, kwa sababu kiwanda kinapenda punje zake. Wote tunapanda hiyo, wote tunachanua wiki moja, jua likikaza wiki hiyo wote tumekwisha. Tunapokuomba ya muda mfupi unasema haina soko. Halafu mavuno yakiwa mabaya unasema wakulima hawalipi. Nusu ya hilo tatizo ulilibeba kwenye gari lako mwenyewe mkuu, ukatugawia kwa mkopo.

Changanya. Robo tatu hiyo yako, robo ya muda mfupi. Na deni la mwaka mbaya lisogeze mwaka unaofuata bila kuongeza kitu. Tunaokumbuka nani alitukaba na nani alitusubiri ni sisi, na tunao mdomo.

Dada wa Bima

Nimefanya kazi kwenye bima miaka mingi, nisikilize kidogo. Bima inakaa juu ya jambo linalotokea mara chache. Likitokea kila mwaka, ada lazima iwe kubwa kuliko hasara yako ya wastani, la sivyo kampuni inafungwa. Kwa hiyo ada inapopanda usiishie kukasirika, isome. Kuna mtu amekaa na takwimu akaona eneo lako limebadilika. Na kuna hatua ya mbele zaidi ya kupandisha: Mei 2023 kampuni ya bima ya Marekani, State Farm, iliacha kupokea maombi mapya ya bima za nyumba jimboni California, ikitaja gharama za ujenzi na majanga.

Uliza kama kwenu kuna bima ya fahirisi ya mvua. Hii haimtumi mkaguzi shambani. Setilaiti au kituo kinapima mvua, ikishuka chini ya kiwango mlichokubaliana, unalipwa hata kama shamba lako limepona. Ubaya wake ni huo huo ukiugeuza: shamba linaweza kuungua na kipimo kikasema mvua ilitosha, hupati kitu. Na kwako wewe, ambaye kilio chako ni mvua kuzidi wakati wa mavuno, kaangalie kwenye karatasi kama hilo limeandikwa. Nyingi zinalipa ukame tu. Watu wanasaini bila kuuliza.

MwenyeGhala

Mrejesho. Nimekaa na madaftari siku tatu, panya wamekula moja, 13 yapo.

BintiHesabu, ubarikiwe. Nilikuwa naapa kwamba mazao yamekwisha. Kilo zimepungua kweli, lakini siyo kwa kiasi cha kuniua. Kinachotisha ni tarehe. Miaka ya mwanzo gari la kwanza lilipakia ndani ya siku kumi zile zile kila msimu, ungeweza kuweka saa. Misimu mitano ya mwisho, kati ya ile ya mapema na ile ya kuchelewa kuna karibu wiki saba. Na hasara kubwa zote tatu ni mzigo uliorudishwa au uliooza ndani. Yaani mazao yalikuwepo. Yaliingia mabichi, mimi nikayapokea kama makavu.

Nakiri hapa hapa: napima kwa meno. Miaka yote natia punje mdomoni, ikilia "ka" nasema kavu.

Mkulima Halisi, maneno yako yameniuma kwa sababu ni ya kweli. Mzee Nahodha, shikamoo. Nilishaanza kutafuta mteja wa gari moja ili ninunue kikaushio, sasa umenichanganya.

NahodhaMstaafu

Marahaba mwanangu. Kuchanganyikiwa ni nafuu kuliko kuuza.

BintiHesabu

Usiuze gari bado. Anza na kipima unyevu, kile cha kushika mkononi. Nafaka ya kuhifadhi iwe na unyevu wa asilimia 13 au chini, meno hayawezi kutofautisha 13 na 16. Pokea kwa kipimo, yenye unyevu inalipwa bei yake na inakaa upande wake. Hata usipokuwa na kikaushio utajua ni gunia lipi usilifungie ndani. Mifuko isiyopitisha hewa inaua fukusi kwa kukosa oksijeni, ila ukiweka nafaka mbichi humo umetengeneza kuvu mwenyewe.

Na muhimu kuliko biashara: sumukuvu haiondoki kwa kuanika tena wala kwa kupika. Ule mzigo uliorudishwa uliupeleka wapi?

MwenyeGhala

Umeniuliza swali nililokuwa nakwepa. Upo ghalani, kona ya nyuma. Kuna mtu alikuja kuutaka kwa bei ya kutupa, akasema ni wa kuku. Sikumpa, ila sikumfukuza pia.

Mkulima Halisi

Mfukuze. Kuku nao wanakufa, na huyo hana kuku.

MwenyeGhala

Sawa. Kesho naita wanaohusika waje kuuteketeza, na keshokutwa niko benki na haya madaftari. Nitawaonyesha tarehe, niombe rejesho lifuate mavuno badala ya mwezi. Wakikataa nitarudi kulia humu. Shemeji nimemwambia akae nje ya duka la bati wiki moja, amenuna.

Kichwa Ngumu

Samahani, hicho kipima unyevu kinapatikana maduka gani? Nina magunia 60 ndani na tangu juzi naona yana joto nikiyashika.