Wenye programu ya kuhariri picha wamenyofoa kipengele nilichokilipia, sura ya mama wa bibi harusi imeharibika

Wakuu, jana nimelala saa kumi alfajiri kwa huu upuuzi, mnivumilie.

Jumamosi nilipiga picha za harusi Sinza. Ukumbi mwembamba, ukoo mzima unataka picha moja mbele ya meza kuu, mgongo wangu umegusa ukuta. Hapo huna ujanja, unafunga waidi, lenzi ya kunasa eneo pana, ya milimita 16. Mama mzazi wa bibi harusi akasimama mwisho kabisa, kushoto.

Wanaotumia waidi wanajua kinachofuata. Lenzi ikilazimisha mistari ya ukuta ibaki imenyooka, vitu vya pembeni vinavutwa. Kwa milimita 16 kwenye fulufremu (kamera yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), kichwa kilicho ukingoni kabisa kinatoka kipana karibu mara moja na nusu. Hata milimita 24 ni mara moja na robo. Lenzi si mbovu, hesabu ndiyo ilivyo, na ndiyo maana nililipia hiyo programu kwa mwaka mzima: ilikuwa na kitelezi, kile kidude cha kusogeza kushoto na kulia, cha kurudisha maumbo ya watu wa pembeni.

Wiki iliyopita nimeweka toleo jipya. Kitelezi hakipo! Kimehamishiwa kifurushi cha juu, bila hata barua pepe ya kutuarifu. Mbaya zaidi, nikifungua kazi za zamani nilizokwisha kurekebisha, nyuso zimerudi kuwa pana. Kazi yangu mwenyewe, ya mwezi wa tatu!

Wametuachia kitufe kimoja cha kusahihisha lenzi. Hicho kinaondoa ule mpindo wa pipa tu, yaani mistari kuvimba kwa nje kama ubavu wa pipa, na kikinyoosha ukuta kinazidi kuwavuta watu wa kingoni. Ni magonjwa mawili, dawa ya moja inachochea jingine. Kisha ukinyoosha nguzo zilizolala, kinakata kingo chenyewe, na shangazi wa kulia amepoteza bega.

Bibi harusi akanipigia: "Kaka, mbona mama amekuwa hivi?" Nilikosa la kumjibu. Mama wa watu alipendeza siku ile, mimi ndiye niliyemwona.

Huduma kwa wateja nimewaandikia mara nne. Mashine inanijibu nihakikishe profaili ya lenzi, yaani faili la vipimo vya kusahihishia lenzi husika, ni sahihi. Profaili ni sahihi! Profaili inajua lenzi inavyopinda mistari, haijui kwamba pale ukingoni kuna uso wa mtu. Nirudishieni nilichokilipia au nirudishieni pesa.

Jana usiku nimejaribu Hugin, ile programu ya bure ya kuunganisha picha, kwa mtandazo wa Panini, namna nyingine ya kulaza picha pana isiyovuta sana watu wa pembeni. Mama amerudi kuwa mama, nguzo zimesimama wima, lakini ukingo wa meza kuu umepinda kama upinde. Nina picha 40 za namna hii.

Aliyewahi kuunyoosha mstari wa meza bila kuzigusa nyuso aniambie alifanyaje. Na mnaotumia programu ya namna hii, msiguse toleo jipya kabla ya kuhifadhi pembeni picha zenu zilizokwisha kurekebishwa. Albamu inaingia kuchapwa Kariakoo Ijumaa asubuhi.